Nyonga Bandia Isiyo na Saruji: Chuma Kinashikwa na Nini Ndani ya Fupa?

Mzazi akiandikiwa upasuaji wa kubadilisha nyonga, kundi la WhatsApp la familia hugeuka jopo la madaktari. Mmoja kasikia kuna nyonga ya saruji na kuna isiyo na saruji. Mwingine ana jirani aliyewekewa ya saruji "ikalegea", kwa hiyo saruji haifai. Wa tatu anasisitiza kwamba isiyo na saruji ndiyo ya kisasa na wenye pesa wote wanawekewa hiyo. Kisha shangazi mmoja, ambaye kwa kawaida hutuma salamu za asubuhi tu, anauliza: kama hakuna saruji, hakuna skrubu, hakuna gundi, hicho chuma kinashikwa na nini? Na mbona mgonjwa anaambiwa asimame kesho yake?

Shangazi kauliza swali zuri kuliko majibu mengi yanayozunguka. Chuma hicho hushikwa mara mbili. Kwanza hushikwa kwa kubanwa, siku ileile ya upasuaji, na hiyo ni kazi ya mikono ya daktari. Baadaye hushikwa na mfupa wenyewe, unaoota na kukikamata, na hiyo ni kazi ya wiki na miezi. Wataalamu huita ya kwanza uimara wa awali, na ya pili uimara wa kibiolojia. Mkanganyiko mwingi unaousikia mitaani na kliniki (nikanyage au nisikanyage, mbona paja linauma, mbona picha inaonyesha chuma kimeshuka) unatokana na kuzichanganya hizi mbili.

Vipande vyenyewe

Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe. Tufe ni kichwa cha fupa la paja, kikombe kimo kwenye fupa la nyonga, na katikati kuna gegedu laini linalofanya viteleze bila kusagana. Gegedu likiisha, au kichwa cha fupa kikifa kwa kukosa damu, kila hatua inakuwa adhabu.

Katika upasuaji, kichwa kibovu hukatwa na kuondolewa. Kikombe kipya huwekwa mahali pa kile cha zamani. Upande wa paja huingizwa shina, yaani kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita kumi na kitu, ndani ya uwazi wa fupa la paja ambamo kwa kawaida hukaa uboho. Juu ya shina hupachikwa kichwa bandia cha chuma au cha kauri. Makala hii inahusu shina hilo tu, maana ndilo linalobeba uzito na ndilo linaloleta maswali mengi.

Saruji inayotajwa haina uhusiano na ile ya mfuko wa kilo hamsini. Ni akriliki, ndugu wa ile iliyokuwa ikitengenezewa meno ya bandia. Huja ikiwa unga na kimiminika, huchanganywa palepale chumba cha upasuaji, na huganda kwa dakika kumi na kitu huku ikitoa joto. Wala si gundi, ingawa wengi hudhani hivyo. Haiunganishi mfupa na chuma kwa kunata. Inachofanya ni kujaza nafasi yote iliyobaki kati ya shina na fupa, ikapenya kwenye vitundu vya mfupa na kuganda humo, basi shina likakosa pa kwenda. Aliyeieneza njia hii ni daktari wa Uingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Muundo wake wa Novemba 1962, shina la chuma ndani ya saruji na kikombe cha plastiki ngumu, ndio uliofanya kubadilisha nyonga kuwe upasuaji wa kuaminika duniani. Kabla ya hapo alikuwa ametumia kikombe cha Teflon kwa wagonjwa mamia, nacho kikasagika ndani ya miaka michache tu na kuwaletea madhara. Alipotaka kujua mwili unazipokeaje plastiki hizo, alijipandikiza vipande vyake pajani mwake mwenyewe akaangalia kinachotokea. Kamati za maadili za siku hizi zingemfukuza asubuhi na mapema.

Shina lisilo na saruji huingia lenyewe. Limetengenezwa mara nyingi kwa titani iliyochanganywa na alumini na vanadi kidogo, na uso wake si laini. Umekwaruzwa kwa makusudi, au umepakwa tabaka lenye vitundu vidogo, au umepuliziwa haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfati ya jamii ileile inayoupa mfupa wetu ugumu.

Kubanwa kwanza

Chukua jembe la kienyeji, lile ambalo chuma chake kina mkia unaopigiliwa kwenye tundu la mpini. Fundi hatii gundi. Tundu likiwa kubwa, jembe litacheza na mwisho litachomoka shambani. Likiwa dogo mno na fundi akawa mbishi, mpini unapasuka. Likiwa saizi yake, mkia unakaa, na kila pigo ardhini linaukaza zaidi, kwa sababu mkia ni mwembamba mbele na mnene nyuma. Tena mkia wa jembe hauwi wa duara. Una pembe, kwa sababu wa duara ungezunguka ndani ya tundu hata kama hauchomoki.

Shina la nyonga lisilo na saruji hufuata kanuni hizohizo, zote, hadi ile ya kupasuka. Ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo uzito wa mwili unavyolisukuma chini ndivyo linavyobanwa. Mengi yana umbo la pembe nne ukiyakata katikati, kama lile lililobuniwa Austria na Karl Zweymüller mwaka 1979 na ambalo warithi wake bado wanatumika. Mengine yana mifereji na matuta ubavuni. Yote hayo ni ya kuzuia vitu viwili: kushuka na kuzunguka.

Chumba cha upasuaji kinachofanya kazi hii kina kelele kuliko watu wanavyodhani. Baada ya kichwa kukatwa kwa msumeno, daktari hufungua mdomo wa fupa na kuanza kuingiza tupa, moja baada ya nyingine, kuanzia ndogo. Kila tupa ina umbo la shina lenyewe na meno pembeni. Anaigonga kwa nyundo, anaitoa, anachukua saizi inayofuata. Tupa zinakwangua na pia zinaushindilia mfupa wa sifongo uliopo ndani ili uwe ukuta imara zaidi. Saizi sahihi inapofika, dalili hujileta zenyewe. Mlio wa nyundo hubadilika, ukatoka kwenye mlio mzito na kuwa mkali. Tupa haiendi mbele tena hata ikigongwa. Daktari akishika mpini wa tupa na kuuzungusha, mguu mzima wa mgonjwa unazunguka nao, haizunguki tupa peke yake. Hapo ndipo shina halisi huletwa, na kwa sababu ya lile tabaka la juu, huwa nene kuliko tupa ya mwisho kwa kiasi kisichofika hata unene wa ukucha. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobana.

Ni hapa pia ambapo mambo huweza kuharibika. Shina dogo mno litacheza. Shina kubwa mno, au pigo moja la ziada, linaweza kupasua mdomo wa fupa. Ufa ukionekana palepale, daktari huvua shina, hufunga waya kuzunguka fupa, hulirudisha, na mara nyingi mfupa huunga vizuri, ila mgonjwa ataambiwa asikanyage sana kwa wiki kadhaa. Ufa usioonekana ndio mbaya, kwa sababu hujitangaza mgonjwa akiwa nyumbani.

Mtikisiko usioonekana kwa macho

Mfano wa jembe unaishia hapa, kwa kuwa mpini ni mti mkavu na fupa ni kitu hai. Fupa la paja lina damu, lina seli zinazojenga na seli zinazobomoa, na likijeruhiwa huanza kujiponya kama linavyoponya mvunjiko. Tupa zile zimelijeruhi. Kwa hiyo ndani ya siku chache damu iliyoganda pembeni mwa shina inaanza kuingiliwa na mishipa midogo, kisha seli, kisha mfupa mchanga. Mfupa huo una njia mbili mbele yake. Ukiota ndani ya vitundu vya chuma na kukomaa, shina limeshikwa kwa miaka mingi. Ukishindwa, mahali pake panajazwa na nyama ngumu ya nyuzinyuzi, aina ya kovu, na kovu halibebi mzigo kama mfupa.

Linaloamua njia ipi ifuatwe, zaidi ya jambo lingine lolote, ni kiasi gani shina linatikisika wakati huo. Vipimo vyake ni vidogo mno. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Majaribio ya miaka ya 1980 na 1990, mengi yakifanywa kwa mbwa, yalionyesha kwamba shina likitikisika chini ya maikroni 40 hivi kila linapobebeshwa mzigo, mfupa huota na kuingia. Mtikisiko ukizidi maikroni 150, kinachoota ni nyuzinyuzi. Katikati ya hapo matokeo huchanganyika. Yaani mpaka kati ya kufanikiwa na kushindwa ni unywele mmoja au miwili. Sababu yenyewe inaeleweka kirahisi: kimshipa kipya cha damu kinachojaribu kuvuka kutoka mfupani kwenda kwenye chuma hukatika kikivutwa huku na huku, na bila damu hakuna mfupa.

Kwa nini titani? Katika miaka ya 1950 Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, havikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikamana navyo kabisa. Mwaka 1965 akaanza kuweka meno juu ya mizizi ya titani kwenye taya za binadamu. Titani ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksidi, na mwili huona utando huo, hauoni chuma kitupu. Kwa sababu hiyohiyo hofu ya "chuma kitapata kutu mwilini" haina mashiko kwa shina la aina hii, na wanaosema mwili "hukataa" nyonga kama unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine wanachanganya mambo mawili tofauti kabisa.

Mzigo ni mkubwa kuliko unavyodhani

Mtu wa kilo 70 akitembea taratibu, nyonga yake haibebi kilo 70. Watafiti wa Berlin waliwahi kuweka nyonga bandia zenye vihisio ndani ya wagonjwa na kusoma mzigo moja kwa moja. Kutembea kwa kawaida kulileta karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, kwa sababu misuli inayomzuia mtu asianguke upande nayo inakivuta kiungo. Kwa huyo wa kilo 70 ni kama kilo 170 kila hatua. Kupanda ngazi hakukuongeza sana kiasi, lakini kulibadilisha mwelekeo: goti likikunjwa na mwili ukiinuliwa, kichwa cha nyonga husukumwa kwa nyuma na shina hutaka kuzunguka ndani ya fupa. Kuinuka kutoka kwenye kigoda au choo cha kuchuchumaa kunafanana na hilo. Na mgonjwa mmoja alipojikwaa bila kutarajia, mashine ilisoma zaidi ya mara nane ya uzito wake.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kimoja ambacho kila familia ingepaswa kukijua. Watu hujadili sana hatua ngapi mgonjwa atembee kwa siku, halafu wanaacha kapeti limejikunja mlangoni na sakafu ya bafu ina maji. Kwa shina ambalo bado linashikwa kwa kubanwa tu, kujikwaa mara moja ni hatari kuliko mazoezi ya wiki nzima.

Basi, akanyage kesho yake au asikanyage? Zamani waliowekewa nyonga zisizo na saruji walikuwa wakiambiwa wakanyage kidogo tu kwa wiki sita au zaidi, kwa hofu kwamba mtikisiko utazuia mfupa kuota. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki, ila haikuwa imepimwa. Baadaye ilipimwa, kwa njia ambayo Göran Selvik wa Lund, Sweden, aliianzisha miaka ya 1970: vitufe vidogo vya tantali (aina ya metali), vyenye upana wa milimita moja au pungufu, hupandwa mfupani wakati wa upasuaji, kisha eksirei mbili hupigwa kwa pamoja kutoka pande tofauti, na kompyuta hukokotoa shina limesogea kiasi gani, hadi sehemu za kumi za milimita. Tafiti kadhaa zilizotumia njia hiyo zililinganisha waliokanyaga mapema na waliosubiri, na hazikuona mashina ya waliokanyaga mapema yakisogea zaidi, mradi shina lilibana vizuri tangu mwanzo. Ndiyo maana leo mgonjwa husimamishwa kesho yake, wakati mwingine jioni ileile, akiwa na magongo au kiunzi cha kutembelea. Akilala kitandani kwa woga anajiletea damu kuganda miguuni na misuli kusinyaa, bila kumsaidia mfupa wake.

Ila sharti lile la "mradi" ni zito. Daktari aliyefunga waya kwenye ufa, au aliyekuta mfupa mwepesi kuliko alivyotarajia, ana sababu ya kusema "usikanyage kikamilifu mpaka tuonane". Jirani aliyeruhusiwa kukanyaga siku ya pili hakufanyiwa upasuaji uleule. Fuata maagizo ya aliyelisikia fupa lako likigongwa.

"Chuma kimeshuka"

Picha ya wiki ya sita ikiwekwa kando ya ile ya siku ya upasuaji, wakati mwingine shina huonekana limeshuka milimita moja au mbili. Familia hushtuka. Kwa kawaida hakuna la kushtua: shina limetafuta mahali pake, likabanwa zaidi, likatulia. Kinachoangaliwa ni kama limetulia. Likiwa limeshuka milimita mbili kufikia wiki ya sita na liko palepale mwezi wa sita, mfupa umelishika. Likiendelea kushuka, au likishuka milimita nyingi kwa mkupuo, hapo pana tatizo, na mguu utaanza kuwa mfupi. Baadhi ya mashina yana ukingo juu, uitwao kola, unaokaa juu ya mfupa uliokatwa na kuzuia kuzama. Madaktari wamebishana kuhusu kola kwa miongo, na mwelekeo wa takwimu za miaka ya karibuni umeipendelea.

Kuna jambo jingine kwenye picha linalowatisha watu bila sababu. Baada ya mwaka au miwili mfupa wa juu karibu na shina unaweza kuonekana umefifia, na mtu akisikia "mfupa umepungua" anadhani kazi imeharibika. Mara nyingi maana yake ni kinyume cha hapo. Titani ni ngumu kuliko mfupa kama mara tano au sita, na kobalti iliyochanganywa na kromi, metali nyingine ya kutengenezea mashina, karibu mara kumi. Shina likishikwa vizuri upande wa chini, mzigo hupita ndani yake na kuurukia mfupa wa juu, na mfupa usiobebeshwa kazi hujipunguza. Julius Wolff aliliandika hilo Ujerumani mwaka 1892. Shina lililolegea halina uwezo wa kuukinga mfupa hivyo. Charles Engh wa Virginia, Marekani, aliyefuatilia mashina haya kwa miaka mingi, aliyagawa katika makundi matatu: yaliyoshikwa na mfupa, yaliyoshikwa na nyuzinyuzi lakini yametulia, na yaliyolegea. Kundi la kati husahaulika. Wapo watu wanaotembea miaka mingi na shina lililoshikwa na kovu tu, bila shida inayowarudisha hospitali.

Nani awekewe ipi

Imani kwamba isiyo na saruji ni bora kwa sababu ni mpya inavunjwa na orodha za kitaifa za upasuaji. Sweden, iliyoanza kuandikisha kila nyonga tangu 1979, kwa muda mrefu imetumia saruji kwa wagonjwa wake wengi, na matokeo yake yamekuwa miongoni mwa bora duniani. Marekani, kwa upande mwingine, karibu wote huwekewa isiyo na saruji. Madaktari wa pande zote mbili wanajua kazi yao.

Linaloamua ni fupa. Kijana au mtu wa makamo mwenye fupa lenye kuta nene na uwazi unaobanana kuelekea chini, shina la kubana hukaa kwake vizuri mno. Bibi wa miaka 80 mwenye fupa lililopanuka ndani na kuta nyembamba, shina lilelile halina pa kubana, na likilazimishwa litapasua. Orodha ya Uingereza na nyingine zinaonyesha mara kwa mara kwamba kwa wazee, hasa wanawake, saruji hupunguza mivunjiko ya fupa kuzunguka shina katika miezi ya mwanzo. Kwa walioanguka na kuvunjika shingo ya fupa la paja ushahidi ni mzito zaidi: jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022 lilikuta wazee waliowekewa nusu nyonga (shina na kichwa tu, bila kikombe) kwa saruji wakiwa na hali bora ya maisha na mivunjiko michache kuliko wenzao wa bila saruji. Saruji ina hatari yake, kwani inapopigwa ndani ya fupa presha ya damu inaweza kushuka ghafla, na timu ya nusu kaputi huwa macho dakika hizo. Hata hivyo bibi yangu akivunjika nyonga na daktari akasema saruji, sitabishana naye.

Kwetu Afrika Mashariki picha ya wagonjwa ni tofauti kidogo na ya Ulaya. Huko wengi ni wazee ambao gegedu limesagika. Kwenye kliniki zetu, kuanzia Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, kuna vijana wengi zaidi ambao kichwa cha fupa kimekufa kwa kukosa damu, na sababu mojawapo kubwa ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Kwa kijana wa miaka 25 shina la bila saruji lina mvuto: akifikia miaka 50 huenda likahitaji kubadilishwa, na kufukua saruji ya zamani kutoka fupani ni kazi ngumu. Lakini fupa la mwenye selimundu lina mitego. Ndani ya uwazi wake kunaweza kuwa na mabaka ya mfupa uliokufa na kugeuka mgumu kama jiwe, na tupa ikikutana nayo huteleza pembeni na kuweza kutoboa ukuta. Upasuaji huo unahitaji mkono uliozoea na picha zilizosomwa vizuri kabla. Gharama nayo ipo: shina la bila saruji kwa kawaida lina bei kubwa zaidi, ingawa huokoa muda wa kusubiri saruji igande.

Yule jirani aliyelegea

Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliofungua nyonga zilizolegea walikuta matundu kwenye mfupa kuzunguka saruji. Wakailaumu saruji, na kufikia 1987 hali hiyo ilikuwa na jina lililomaanisha "ugonjwa wa saruji". Nyonga zisizo na saruji zilipata umaarufu kwa sehemu kwa sababu ya hofu hiyo. Kisha matundu yaleyale yakaanza kuonekana kwa wagonjwa ambao hawakuwa na saruji hata chembe. Mhalifu mkuu alikuwa kikombe cha plastiki. Kila hatua, na mtu hupiga karibu milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu, ilikuwa ikikwangua vumbi la plastiki lisiloonekana. Seli nyeupe zikalimeza, zikashindwa kuliyeyusha, na katika hasira yao zikachochea mfupa kuliwa. Mashina ya mwanzo yaliyokuwa na vitundu upande mmoja tu yaliliachia vumbi hilo njia ya kuteremka. Tangu hapo mpako huzungushwa pande zote za shina, na plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, iliyoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, imepunguza vumbi hilo sana.

Kwa hiyo jirani huenda alilegea kwa vumbi, au kwa wadudu walioingia, au shina halikubana tangu siku ya kwanza. Au hakulegea kabisa: watu wengi husema "imelegea" wakimaanisha imeteguka, yaani tufe limetoka kwenye kikombe. Kuteguka hutokea ghafla, kwa maumivu makali, mguu ukikataa kunyooka, na huweza kumpata mtu ambaye shina lake limeshikwa kama mwamba. Masharti ya kutokunja nyonga kupita kiasi, kutokalia kigoda kifupi na kusali ukiwa kwenye kiti kwa muda ni ya kuzuia kuteguka zaidi kuliko kulinda shina.

Maumivu ya kulegea yana tabia yake. Huja mtu anapoinuka na kupiga hatua za mwanzo, yakapoa kidogo akishaanza kutembea, na mara nyingi huwa katikati ya paja. Maumivu ya paja katika mwaka wa kwanza peke yake si ushahidi; baadhi ya mashina makubwa na magumu huyaleta, kisha yanaisha. Yanayoongezeka badala ya kupungua, yanayorudi baada ya miaka ya amani, yanayoambatana na homa, jeraha kutoa maji au mguu kuwa mfupi, hayo yanataka eksirei na vipimo vya damu bila kuchelewa. Supu ya kongoro inayosifiwa kuunga mifupa ni tamu na ina joto, lakini haitaliunga shina linalocheza. Sigara ndiyo ya kuachwa, maana hupunguza damu mfupani wakati inahitajika kuliko wakati wowote.

Picha hupigwa baada ya upasuaji, karibu na wiki ya sita, mwaka unapofika, halafu kila baada ya miaka kadhaa hata kama hakuna kinachouma. Ile ya kwanza kabisa ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu bila hiyo hakuna wa kusema kama shina limeshuka au lilikaa hapo tangu mwanzo. Ombeni nakala yake kabla ya kuruhusiwa kutoka. Ombeni pia stika za kipandikizi, zile zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba, mzibandike kwenye daftari la kliniki. Daktari atakayelihitaji daftari hilo miaka 15 baadaye huenda atakuwa hospitali nyingine, mji mwingine, na kila aina ya shina ina vifaa vyake vya kulitoa.